Kusomea mipango miji: mwongozo kwa anayetaka kuipanga miji ambayo watu wameshaijenga

Dar es Salaam ilitengenezewa mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima, mwaka 1949, ikapata mwingine 1968, na wa tatu 1979. Pamoja na hayo, karibu asilimia 70 ya wakazi wake, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa kabla mpango haujafika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo peke yake. Kwa hiyo kijana anayeingia kusomea fani hii aelewe mapema kwamba kazi yake kubwa itakuwa mahali ambapo nyumba zipo tayari, choo kimeshachimbwa, duka la mangi limeshafunguliwa na wazee wa mtaa wanajua mipaka yote kwa kichwa. Mwongozo huu umepangwa kwa mtazamo huo. Nimeuandika nikiifikiria Tanzania zaidi, na Kenya pale inapotufundisha jambo.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe

Mtaani, yeyote anayepita na ramani mkononi huitwa "mtu wa ardhi". Ofisini kazi zimegawanyika. Mpimaji huweka mawe ya mipaka. Mthamini hukadiria thamani ya ardhi na majengo, hasa panapokuja suala la fidia. Afisa ardhi hushughulika na umilikishaji na hati. Msanifu majengo huchora nyumba. Mtaalamu wa mipango miji huwatangulia hao wote: ndiye anayependekeza makazi yakae wapi, soko wapi, shule wapi, barabara iwe na upana gani, na maji ya mvua yapite wapi. Mchoro wake ukishaidhinishwa ndipo mpimaji anaingia uwanjani. Kosa lake basi hupimwa, huwekewa mawe na hupewa hati, na kulirekebisha baadaye ni kwa fidia au kwa bomoabomoa.

Jina kamili la fani ni mipango miji na mikoa, na hilo neno la mwisho wengi hulipita haraka. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na chanzo cha mto huo kiko kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Mkulima anayefyeka mteremko kule Uluguru na mama anayesubiri bomba litoe maji Kimara wako kwenye mpango mmoja, hata kama halmashauri zao hazijawahi kukaa meza moja. Maendeleo endelevu ya mji huanzia kwenye kuuona uhusiano wa namna hiyo.

Hatua ya pili: chagua chuo

Kwa Tanzania, jina la kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kilianza 1956 kama shule ya kufundisha wapimaji, kikawa Chuo cha Ardhi 1974, kikaingia chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1996, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Shahada ya kwanza ya mipango miji na mikoa huchukua miaka minne. Chuo cha Mipango cha Dodoma kinawafaa wanaovutwa zaidi na mipango ya mikoa na vijiji. Vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro hufundisha cheti na stashahada katika fani za ardhi, na hiyo ni njia nzuri kwa ambaye matokeo yake ya kidato cha sita hayakutosha, au aliyeishia kidato cha nne. Nimeona waliopita stashahada wakifika shahada wakiwa na mkono mwepesi kuliko wenzao, kwa sababu ramani hazikuwa ngeni kwao.

Kwa anayetoka kidato cha sita, Jiografia ndiyo mama wa fani, na Hisabati au Uchumi husaidia sana. Sifa kamili za kila programu hutolewa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Usome wa mwaka wako, maana sifa hubadilika. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo yana dirisha lake, na cheti cha kuzaliwa, pamoja na cha kifo cha mzazi kwa aliyefiwa, huhitaji kuhakikiwa kabla, kwa hiyo usisubiri majina ya udahili yatoke ndipo uanze kuvitafuta.

Kwa Kenya, idara ya mipango miji na mikoa ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo tangu 1971.

Hatua ya tatu: kabla chuo hakijafunguliwa, usome mtaa mmoja kwa miguu

Hatua hii nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayomtenganisha mtaalamu wa mipango miji na mchoraji. Chagua mtaa mmoja, ikiwezekana unaoishi. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, waeleze kwamba ni mwanafunzi na unajifunza, na omba kuongozana na mjumbe. Usipite vichochoroni ukipiga picha bila kufuata utaratibu huo. Desemba 2015 nyumba nyingi katika bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, ziliwekwa alama ya X nyekundu na nyingine zikabomolewa, na tangu hapo mtu asiyejulikana mwenye daftari huwatia watu hofu ya kweli.

Anza na maji. Nenda mvua ikiwa imekatika muda mfupi uliopita. Katika maeneo ya Tandale yaliyo karibu na Mto Ng'ombe, mathalani, utaona mstari wa kahawia ukutani mahali maji yalipofikia. Utaona kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali, viroba vya mchanga mlangoni, matairi yaliyojazwa udongo kuzuia ukingo usiliwe, na kitanda kilichopandishwa juu ya matofali ndani. Kila kimoja ni kipimo. Mkute mama aliyekaa barazani, msalimie, umuulize:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Maji ya ile mvua kubwa yalifika wapi hapa kwako?"

Atainuka mwenyewe na kuweka kiganja ukutani. Chukua futi kamba, pima kutoka ardhini hadi kiganja chake, andika. Fanya hivyo nyumba hadi nyumba kufuata mkondo, na utakuwa na ramani ya mafuriko ambayo hakuna setilaiti itakayokupa.

Kisha pima njia. Tafuta mahali kichochoro kinapobana zaidi, kwa sababu hapo ndipo panapoamua nini kinaingia na nini kinabaki barabarani. Bajaji inaweza kupita, gari la kunyonya majitaka likashindwa. Lisipofika, shimo la choo linajaa, na mvua kubwa ikishuka mwenye nyumba anafungua choo kitapike kwenye mfereji. Mjini wanaita kutapisha choo, na kila mtu anajua harufu ya siku hiyo. Maji hayo yanateremka hadi kwa jirani wa chini, watoto wanayakanyaga, kipindupindu kinapata njia. Ukifika darasani na kuambiwa habari za upana wa barabara za makazi, utakuwa umeshajua kwamba mita moja ya kichochoro ni suala la afya.

Rudi mahali pale pale asubuhi na jioni. Ukingo wa barabara uliokuwa mtupu saa tatu asubuhi, saa kumi na mbili jioni una mama lishe, genge la nyanya, muuza mitumba na kijiwe cha bodaboda. Kaa nusu saa, hesabu waendao kwa miguu, walio ndani ya daladala na walio kwenye magari binafsi, halafu angalia kila kundi limepewa sehemu gani ya barabara. Mwisho, uliza watu wana karatasi gani: hati, leseni ya makazi (zilianza kutolewa 2004), au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe. Usiombe kuiona. Kujua aina yake kunatosha.

Chora vyote kwa penseli, kwa mkono wako, hata kama huna kipaji cha kuchora.

Hatua ya nne: zijue sheria zako

Namba ni rahisi kukumbuka. Mwaka 2007 zilipitishwa tatu kwa mfuatano: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji Na. 7, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8. Nyuma yake zipo Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999. Humo ndimo imo kanuni kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na kwamba imegawanyika katika ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mji unapotanuka kuingia kijijini, kutoka sheria Na. 5 kwenda Na. 4 ndiko kunakozaa migogoro mingi unayoisikia pembezoni mwa Dodoma, Mwanza na Arusha.

Ongeza vipimo viwili utakavyoulizwa kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Chukua vipimo hivyo hadi kwenye mtaa uliousoma, uone nyumba ngapi ziko ndani yake na zilijengwa lini. Nyingine zilikuwepo kabla ya sheria. Hapo utatambua kwa nini kusoma kifungu hakutoshi.

Hatua ya tano: ramani na kompyuta

Pakua QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani. Ni ya bure, na karibu yote utakayofanya darasani inayaweza. Kwa data, anza na OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Ardhi na wa Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaa, mifereji na mipaka ya maeneo yanayofurika. Kwa watu, chukua sensa ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa miinuko, data ya SRTM, yaani vipimo vya kimo cha ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani, ni ya bure, lakini kila kipande chake kina upana wa takriban mita 30. Mfereji wa mita mbili haumo. Itumie kuona bonde lote, usiitumie kuamua nyumba ipi itafurika.

Jambo moja linawasumbua wengi na hufundishwa kwa haraka mno, nalo ni mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo juu ya dunia. Michoro ya zamani ya upimaji nchini iko kwenye mfumo uitwao Arc 1960, simu yako inasoma mwingine, WGS 84. Ukizichanganya bila kugeuza, kiwanja kinahama kiasi cha mita 300, yaani kinaangukia mtaa mwingine kabisa. Vilevile, katika UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda, Dar es Salaam iko kanda ya 37, Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36. Kabla hujaweka tabaka lolote, angalia mfumo wake, uandike kwenye daftari. Halafu thibitisha kwa kitu kisichohama, kama kona ya msikiti au makutano ya barabara.

Hatua ya sita: studio

Studio ndiyo moyo wa shahada hii, na ndiyo inayokula usiku. Mnapewa eneo halisi, mnakwenda kukusanya taarifa, mnachambua, mnatoa mapendekezo, mnayatetea mbele ya walimu. Mnaanza na eneo dogo, mnapanda hadi mji mzima na mkoa. Kazi ni ya kikundi, na kikundi kina wazembe wake. Gawaneni majukumu kwa maandishi siku ya kwanza.

Ushauri wangu mkubwa hapa ni kwamba kila pendekezo lijibu swali la nani atalipa na nani atahama. Mchoro wenye bustani nzuri kando ya mto, bila kusema kaya zilizopo zinakwenda wapi, haujakamilika hata kama rangi zake zinavutia.

Hatua ya saba: jifunze kusimama mbele ya mkutano wa mtaa

Chuo kitakufundisha nadharia ya ushirikishwaji. Mkutano wenyewe utaujua kwa kuhudhuria. Omba kufuatana na maafisa kwenye mkutano wa urasimishaji wa makazi, ukae nyuma, usikilize.

Ajenda karibu ni ile ile: ili viwanja vipimwe na watu wapate hati, lazima zipatikane njia. Njia haishuki kutoka mbinguni, inatoka kwenye viwanja vya watu. Mtu wa kona ataambiwa atoe mita mbili, na kwenye hizo mita mbili pana mwembe wa baba yake na shimo la choo. Jirani wa nyuma ndiye atakayefaidi gari kufika kwake. Fidia mara nyingi haipo, watu wanakubaliana kuchangia ardhi. Hapo ndipo utakapowasikia wazee wakipatanisha: huyu atoe mita moja, na yule wa ng'ambo atoe moja, choo kihamishwe kwa mchango wa wanaofaidika na njia. Hakuna programu ya kompyuta inayofika hapo.

Angalia nani haongei. Wapangaji mara nyingi hawaalikwi, ingawa ndio wengi katika nyumba za Uswahilini, na hati ikipatikana kodi inaweza kupanda wakahama wao. Wajane hukaa kimya shemeji zao wakiwepo. Mkutano ukiisha wafuate, uwasikilize pembeni. Na ukipewa nafasi ya kueleza mchoro, ugeuze ramani ielekee upande waliokaa wao, taja alama wanazozijua: hapa ni kwa fundi baiskeli, hapa ni kisima, huu ni mti wa mkunazi. Mtu akishajiona kwenye ramani ndipo anaanza kubishana nayo, na ubishi wake ndio unaoutafuta.

Hatua ya nane: tembelea mipango iliyokwisha kutekelezwa

Nenda Sinza, kisha Manzese, zote za Dar es Salaam, siku moja. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, Sinza ilipimwa viwanja na kutengewa barabara kabla watu hawajajenga, na Manzese ikaboreshwa watu wakiwa ndani. Nusu karne baadaye Sinza imejaa maduka, baa na ghorofa ambazo hazikuwa kwenye mchoro, lakini barabara zake bado zinapitika. Ukitaka hoja ya kutenga njia mapema, hata kama huna fedha ya lami, hoja imesimama pale.

Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, ni somo jingine. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bondeni zilipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Eneo lilikuwa kavu, lakini kibarua, Kariakoo na wateja walibaki mjini, na baadhi ya watu wakarudi walikotoka. Miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, ilijengwa Jangwani hapo hapo na maji yakaifuata mara kwa mara. Naamini kila mwanafunzi wa mipango miji anapaswa kusimama kwenye daraja la Jangwani asubuhi ya mvua. Usalama dhidi ya mafuriko, usafiri na umbali wa kazi vilishughulikiwa kana kwamba ni mambo ya miji tofauti.

Kwa Nairobi, soma kuhusu makazi holela ya Mukuru. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, na wakazi wakajipanga kwa vikundi vya kaya jirani kutoa maoni yao kuhusu maji, barabara, afya na nyumba. Moja ya mambo yaliyobainishwa ni kwamba mkazi wa pale alilipia maji bei ya juu kwa kila lita kuliko mkazi wa mtaa wenye bomba rasmi. Takwimu ya namna hiyo hubadilisha mjadala mbele ya madiwani haraka kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Hatua ya tisa: mafunzo kwa vitendo, utafiti na usajili

Kwenye mafunzo kwa vitendo, wengi hukimbilia wizarani au kampuni za mjini. Mimi ningekushauri halmashauri ndogo, ya mji unaokua. Ofisi haina watu wa kutosha, kwa hiyo utapewa kazi ya kweli: kukagua vibali vya ujenzi, kusikiliza migogoro ya mipaka, kuandaa mpango kina (mchoro wa kina wa eneo dogo) na kuona unavyopita kwenye vikao vya halmashauri kabla ya kupelekwa juu kuidhinishwa.

Kwa utafiti wa mwisho, chukua swali dogo linalopimika. "Changamoto za makazi holela Tanzania" halina mwisho. "Njia zilizotengwa katika urasimishaji wa mtaa fulani bado ziko wazi miaka mitano baadaye?" linajibika kwa futi kamba na mahojiano. Ukimaliza, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na uupeleke pamoja na ramani kwenye ofisi ya mtaa uliokupokea.

Baada ya kuhitimu, huwezi kujiita mtaalamu wa mipango miji na kusaini kazi bila kusajiliwa na bodi iliyoundwa na ile Sheria Na. 7. Wasiliana nayo mapema uulize masharti ya mhitimu mpya, na uanze kutunza kumbukumbu za kazi unazozifanya chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Nafasi za serikali hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Zaidi ya hapo kuna kampuni binafsi za urasimishaji, mashirika ya makazi, miradi ya maji na barabara, na kwa anayetaka shahada ya pili, DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, lina programu zinazowalenga wataalamu wa mipango miji kutoka nchi kama zetu waliokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Miaka hiyo ya kazi huhesabiwa, kwa hiyo barua yako ya kwanza ya ajira, hata kama ni ya mkataba mfupi katika halmashauri ya mbali, itunze pamoja na vyeti.